Ndege wetu, majina ya wageni

Tuanze na kisiwa. Kule Kanada, kwenye pwani ya New Brunswick, kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Kent. Hakuna mji pale. Kuna upepo, ukungu, na bata wa baharini wanaotaga mayai kwenye majani. Mwaka 1930 kisiwa hicho kilinunuliwa na kijana tajiri wa Marekani ili bata hao waache kuuawa. Na ukiuliza juu ya nini alikinunua, jibu linatuleta moja kwa moja nyumbani: juu ya ndege mmoja wa kijani, mwenye urefu wa sentimita 11 hivi, aliyepatikana mwaka 1929 kwenye milima ya kaskazini-magharibi ya ziwa Tanganyika. Ni milima ileile ya Itombwe ambayo sisi watu wa Luhwindja tunaiona tukiangalia kusini.

Mimi ni mtoto wa Luhwindja, nina lisansi ya agronomi, na mpaka namaliza iniversite hakuna aliyewahi kunihadithia kisa hicho. Huko fakilte ndege walikuwa na nafasi moja tu, kwenye kozi ya waharibifu wa mazao, katikati ya panzi na panya. Kisa chenyewe nimekipata baadaye, kipande hapa kipande pale, na kila kipande kilinirudisha kwenye swali lilelile: katika msafara ule, nani hasa aliyemwona ndege? Unaweza kusema ni swali la mchezo. Mimi naona linatugusa sisi wenye diploma kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuelewane juu ya neno msafara. Siku hizi ukisema msafara, watu wanafikiria jeep za wakubwa zinazopiga honi. Kwa babu zetu ilikuwa mstari wa watu kwenye njia nyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na mzigo wa kilo 25 au 30 kichwani ao begani, wiki baada ya wiki. Bagamoyo mpaka Tabora, Tabora mpaka Ujiji, kuvuka ziwa, halafu Kasongo. Lugha hii ninayowaandikia ilifika mashariki ya Kongo kwa miguu ya watu hao. Walikuja na nguo, shanga na bunduki, wakarudi na pembe za tembo, na misafara mingi ilirudi na watumwa pia, hilo tusilifiche. Lakini toka miaka ya 1880 kulikuwa na mzigo mwingine ndani ya masanduku: ngozi za ndege zilizojazwa pamba, kila moja na karatasi ndogo iliyofungwa mguuni.

Mmoja wa waliokuja na masanduku hayo alikuwa Mjerumani, Richard Böhm. Alitoka Zanzibar mwaka 1880, akakaa upande wa Tabora miaka kadhaa, akichora ndege kwa rangi na kuandika tabia zao, halafu akavuka ziwa na kuingia Katanga. Alikufa huko kwa malaria mwezi wa tatu 1884, kabla hajafika miaka 30. Ameacha jina lake kwa ndege mmoja mzuri sana anayekula nyuki, Merops boehmi, aliyeandikwa kwenye sayansi mwaka 1882. Nikimsoma Böhm namheshimu, sisemi uongo. Mtu anayetembea mwezi mzima na homa, na jioni bado anakaa chini kuchora bawa la ndege, huyo anapenda kitu kweli.

Ila ile karatasi ya mguuni ndiyo inayonisumbua. Ina mahali pa tarehe, mahali pa kijiji, mahali pa jina la mkusanyaji. Haina mahali pa jina la yule aliyesema: bwana, tazama pale juu.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1908 alifika upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika mtu wa Austria, Rudolf Grauer, mpanda milima na mwindaji, ambaye alikuwa akikusanya wanyama kwa ajili ya Walter Rothschild. Rothschild huyo alikuwa wa ukoo wa mabenki, na kule Tring, Uingereza, alikuwa na jumba lake mwenyewe la makumbusho lililojaa ndege waliokauka. Ukitembelea Kahuzi-Biega ukaambiwa gorila wale wanaitwa graueri, ni jina la huyohuyo Grauer. Kuna pia ndege mdogo wa kahawia anayeishi kwenye marais za milimani, Bradypterus graueri, naye ni wake. Na katika msitu wa mlimani, kwenye mita zipatazo 2,000, Grauer alipata yule wa kijani: koo la bluu hafifu, mdomo mpana, mwili wa kijani kama jani jipya la mti, anayekaa kimya matawini mpaka unapita chini yake bila kumjua. Rothschild akamwandika mwaka 1909: Pseudocalyptomena graueri.

Jina hilo ni refu kama treni lakini lina utamu wake. Calyptomena ni ndege wa kijani wa misitu ya Borneo, Sumatra na Malaya, na pseudo maana yake ni wa uongo. Kwa hiyo ndege wetu anaitwa "Calyptomena wa uongo, wa Grauer". Yaani wataalamu walishangaa kumkuta kiumbe anayefanana na wa Asia amekaa peke yake kwenye milima ya Kongo, na badala ya kumpa jina lake wakampa la mwenzake wa mbali, wakaongeza kwamba huyu ni feki. Mimi nikisoma hivyo nacheka, lakini cheko lenyewe si refu.

Baada ya Grauer miaka 20 hivi ikapita bila mtu kumwona tena ndege huyo. Namaanisha bila Mzungu kumwona. Maana msituni watu walikuwapo siku zote: wanachimba mitego, wanatafuta asali, wanakata mianzi, wanachunga ng'ombe juu kwenye majani. Katika vitabu lakini, "hakuonekana tena".

Ndipo wakaja vijana wawili Wamarekani waliosoma Yale, J. Sterling Rockefeller na Charles B. G. Murphy. Rockefeller alikuwa na miaka 20 na kitu, umri wetu sisi tunaosoma ukurasa huu, ila yeye alikuwa wa ukoo wa petroli ya Standard Oil. Ukoo huo ulikuwa na pesa ya kumaliza masomo na kwenda kutafuta ndege Afrika, wakati wewe na mimi tunamaliza masomo na kutafuta nauli ya kwenda kuuliza kazi. Mwaka 1928 walianza safari kupitia Tanganyika Territory, ndiyo Tanzania ya leo, mpaka mashariki ya Kongo ya Wabelgiji, kwa niaba ya jumba la makumbusho la New York, American Museum of Natural History. Kati ya walichotafuta, cha kwanza kabisa kilikuwa yule ndege wa kijani.

Pamoja nao alikuwa mtu wa tatu, na huyu ndiye ninayempenda. Anaitwa Allan Moses, mtu wa Grand Manan, kisiwa cha wavuvi huko Kanada. Hakuwa na diploma. Kazi yake ilikuwa kukausha na kujaza ndege, na alikuwa na jicho. Mwaka 1913 mvuvi mmoja wa kwao alipiga albatrosi, ndege ambaye hakupaswa kuonekana kabisa kwenye bahari ile, na albatrosi huyo akaangukia mikononi mwa Moses. New York walimtaka sana. Moses hakutaka pesa. Alitaka kuchukuliwa kwenye msafara wa makumbusho. Akatoa ndege wake, akangoja, na njia hiyo ikamfikisha mpaka kwenye milima yetu.

Mwaka 1929, baada ya kupanda na kushuka msitu kwa muda mrefu, ni Moses aliyempata ndege wa kijani. Rockefeller alifurahi kiasi kwamba akamwuliza anataka nini. Fikirieni swali hilo mbele ya mtoto wa wavuvi. Moses aliomba kitu kimoja: wale bata wa baharini wa kwao, eider, ambao manyoya yao laini yanatiwa kwenye blanketi na ambao walikuwa karibu kumalizwa na wawindaji na waokota mayai, wapewe mahali pa kutaga kwa amani. Rockefeller akanunua kisiwa cha Kent. Mwaka 1936 akakikabidhi kwa chuo cha Bowdoin, Marekani, na mpaka leo wanafunzi wa chuo hicho wanakwenda pale kila mwaka kujifunza mambo ya ndege. Bata wamerudi.

Nimekihadithia kisa hiki kwa marafiki mara nyingi, na kila mara mtu anauliza: na sisi tulipata nini? Tulipata jina. Kwenye safari hiyohiyo walikusanya chozi mmoja, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, mwenye kifua chekundu, anayeishi juu sana kwenye milima ya Kivu. Mwaka 1932 James Chapin wa makumbusho ya New York akamwandika: Cinnyris rockefelleri. Chozi wa Rockefeller. Ndege wa Itombwe ana jina la kampuni ya mafuta, hebu ona. Na mwaka huohuo wa 1932, Rothschild, aliyebanwa na madeni na matatizo, akauza mkusanyiko wake mkubwa wa ndege kwa makumbusho hayohayo ya New York. Moses mwenyewe hakupata ndege wa jina lake. Ila tunajua jina lake, alikotoka, alichoomba. Wale waliobeba mahema, chumvi na masanduku ya ngozi hadi mlimani, waliokata njia kwa panga, waliojua mto unavukwa wapi, tunajua kwamba walikuwapo kwa sababu mizigo ilifika.

Babu yangu mzaa mama alituhadithia kwamba baba yake alibeba mizigo ya Wazungu miaka ile, toka ziwani mpaka juu. Hakuhadithia kwa kujivuna wala kwa kulia. Alisema kilichomshangaza mzee kilikuwa uzito: kuna siku ulipewa sanduku la misumari na shingo ikaingia kifuani, na kuna siku ulipewa sanduku kubwa jepesi kabisa, mkaligombania wote asubuhi. Babu hakujua ndani ya masanduku mepesi mlikuwa na nini. Mimi leo nafikiri nyingine zilikuwa ndege.

Huyo Chapin niliyemtaja ana kisa chake, nitakipitia haraka kwa kuwa ni maarufu na si cha upande wetu. Mwaka 1913, huko Avakubi, Ituri, aliona unyoya mmoja kwenye kofia ya mtu na hakuutambua. Akauweka. Mwaka 1936, Tervuren, Ubelgiji, akakuta juu ya kabati ndege wawili waliojazwa, wameandikwa kama tausi wachanga wa India, na mmoja ana unyoya uleule. Ndiyo tausi wa Kongo, Afropavo congensis. Dunia ya sayansi ilitetemeka. Lakini yule mwenye kofia alikuwa amevaa "ugunduzi" kichwani miaka 23 kabla ya sayansi kutetemeka.

Sasa niwape msafara wangu mimi, kwa kuwa bado tunayo misafara. Mwaka 2021, mwezi wa tisa, nilipanda Fuso toka Bukavu kwenda Kamituga kwa kazi ya mbegu za maharagi. Ni kilomita 180 hivi. Zilituchukua siku nne. Wanaojua njia ile hawatashangaa: Mugogo mpaka Walungu unacheka, halafu mvua inanyesha, camion moja inazama mpaka kwenye ekseli, na zote za nyuma zinasimama. Tulikuwa camion 11 kwa mstari, na motari kando wakipita kwenye ukingo kama mbuzi. Watu walipika, walilala chini ya turubai, walibishana juu ya politike. Mimi nilikuwa na darubini ndogo niliyokopa kwa rafiki na daftari ya mistari.

Dereva aliniona nimesimama juu ya magunia naangalia miti. "Unatafuta nini, ingénieur?" Nikasema natafuta ndege. "Ndege? Ndege iko Kavumu!" Camion nzima ikacheka, na toka hapo jina langu likawa Kavumu.

Lakini barabara iliyokwama ni mahali pazuri pa kuangalia ndege, kuliko nilivyotegemea. Kitwitwi walikuja wenyewe kutembea kwenye matope kati ya matairi, wakitikisa mikia, wakila wadudu walioamshwa na makoleo. Mwewe walizunguka juu ya moto wa wapishi. Kwenye marais moja kulikuwa na yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, amejenga kiota kikubwa kama gunia la makaa kwenye mti wa avoka, na mwenye shamba akaniambia hakuna anayethubutu kukibomoa. Kunguru wakubwa wa shingo nyeupe walikaa juu ya turubai kama abiria wasiolipa.

Siku ya pili, upande wa Burhinyi, kulikuwa na sauti ikirudia mlimani, noti tatu zinazoshuka, asubuhi mpaka jioni. Nilijua kwa kitabu kwamba ni kekeo wa kifua chekundu, ndege anayetaga mayai kwenye viota vya wenzake. Niliiandika. Mama mmoja aliyekuwa na mifuko ya samaki wa kukausha akaniangalia naandika, akasema: "Mutoto wangu, ule ndege akilia hivi, batu banapanda maharagi. Akinyamaza, ushachelewa." Nikamwuliza jina lake, akanitajia kwa Mashi. Jirani yake, mwenyeji wa Mwenga, akalitaja kwa Kilega, na wakaanza kubishana kama ni mmoja ao ni wawili, wa jua na wa mvua. Walibishana zaidi ya nusu saa, kwa mifano, kwa miaka, kwa mashamba. Nimekaa kwenye madarasa mengi ya agronomi. Nakumbuka machache yaliyokuwa na data nyingi hivyo. Sezoni A kwetu inaanza mwezi wa tisa, kama tulivyofundishwa. Huyo mama hakuihesabu kwa kalenda.

Usiku wa tatu camion zilipoanza kutembea tena, kwenye mwanga wa taa tulikuwa tunaona macho mekundu yamekaa katikati ya barabara, yanangoja mpaka tairi ikaribie kabisa, halafu yanaruka. Ni wale ndege wa usiku wanaokamata wadudu wakiruka na kulala chini mchana, rangi yao kama majani makavu. Konvoyeri wetu, kijana wa miaka 19 labda, alikuwa anawahesabu kwa sauti. Nikamwambia kwamba mmoja wao, wa Itombwe, anajulikana kwa hakika na ndege mmoja tu duniani, aliyeuawa Malenge mwezi wa nane 1955. Alifikiri kidogo. "Mmoja tu? Basi huyo aliyemhesabu hakupita na camion usiku."

Kisa cha huyo wa Malenge ndicho kinachonirudisha kwenye karatasi ya mguuni. Aliyemkusanya ni Alexandre Prigogine, mzaliwa wa Moscow mwaka 1913, aliyefanya kazi kwenye migodi ya Kamituga. Ndugu yake Ilya alipata Nobel ya kemia mwaka 1977. Yeye alipata ndege. Dhahabu ilikuwa kazi yake, ndege walikuwa ugonjwa wake. Aliwalipa na kuwafundisha wawindaji wa kwetu, akawatuma kwenye mito na vilima vya Itombwe miaka na miaka, na matokeo ni kitabu kikubwa cha mafungu matatu kilichotolewa Tervuren mwaka 1971, 1978 na 1984. Ni shauri ya kazi hiyo leo tunajua kwamba Itombwe ina aina zaidi ya 550 za ndege, na ni kati ya misitu yenye ndege wengi kupita yote Afrika. Yule wa macho mekundu wa Malenge alikaa kwenye droo miaka 35, mpaka Michel Louette alipomtazama vizuri na kumwandika mwaka 1990: Caprimulgus prigoginei.

Kabla yake kulikuwa na bundi. Machi 1951, mahali panapoitwa Muusi, mtu wa Prigogine alileta bundi mdogo wa rangi ya chestnut, uso kama moyo. Mwaka 1952 Schouteden akamwita Phodilus prigoginei. Ndugu yake wa karibu anayejulikana yuko Asia, sawa vile wa kijani. Halafu kimya. Kwetu bundi hana marafiki, mnajua; akilia juu ya nyumba watu wanatafuta nani atakufa. Sitawacheka, bibi yangu alikuwa hivyo. Ila kama mtu wa shamba ningependa kila ghala la mahindi liwe na bundi wake, kwa kuwa nimehesabu magunia yaliyotobolewa na panya.

Miaka 45 ilipita. Mei 1996, kikundi cha watafiti walitega nyavu nyembamba usiku kwenye msitu wa Itombwe, na mmoja akaingia. Mzima. Walimpima, wakampiga picha, wakamwachia akarudi msituni. Mnakumbuka mwaka 1996 ulivyoisha kwetu. Mwezi wa kumi vita ilikuwa Lemera, na kabla mwezi haujaisha Bukavu imeanguka. Bundi yule alishikwa kwenye miezi ya mwisho ya amani.

Kitu ninachotaka mkione ni karatasi. Makala ya kumtangaza bundi huyo ilitoka mwaka 1997, na waandishi ni wanne: Butynski, Agenonga, Ndera, Hart. Toka Grauer mpaka hapo ni karibu miaka 90. Sijui kama mnasikia uzito wa majina hayo mawili ya katikati kama ninavyousikia mimi. Hawakufika pale kwa kuokota bahati. Msituni walikuwapo watu kama wao kwenye kila msafara, toka wa kwanza. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mtu aliandika.

Na kuna jambo lingine, hili ni la uzito zaidi kwetu. Kisiwa cha Kent kililindwa mwaka mmoja baada ya ndege kupatikana. Itombwe yenyewe, alikotoka ndege huyo, ilitangazwa kuwa akiba ya asili mwaka 2006, na mipaka yake ikawekwa sahihi mwaka 2016, baada ya mazungumzo marefu na watu wa vijiji: zaidi ya kilomita za mraba 5,700. Hesabuni wenyewe toka 1929. Ninawajua watu Luhwindja watakaosema mara moja: akiba ni ya ndege, sisi je? Ni swali halali. Mlima wa kwetu umeshachimbwa kwa ajili ya dhahabu, watu wamehamishwa, na mtu aliyeshahamishwa mara moja akisikia neno mipaka anashika panga. Moses alipoomba kisiwa, aliwaombea bata wa kwao na alijua majirani zake watasema nini, na aliyewekwa kukilinda alikuwa yeye pamoja na mtu mwingine wa kisiwani. Sehemu hiyo ya kisa mimi naona ndiyo ya kuiga: mlinzi awe mtu anayejua ndege kwa jina la nyumbani, na majirani wamjue yeye kwa jina.

Wenye kuwa Bukavu, Lwiro haiko mbali, kilomita 40 na kidogo. Wabelgiji walianzisha taasisi yao ya utafiti, IRSAC, mwaka 1947, leo inaitwa CRSN, na mkusanyiko wake wa wanyama uko palepale. Hauhitaji viza ya Ubelgiji kuona ndege wa Kivu kwenye droo. Nimekwenda mara tatu. Ukivuta droo inatoka harufu ya dawa ya mende na unawakuta wamelala mgongoni, macho ya pamba, karatasi mguuni. Ninasoma karatasi zote. Kijiji kipo, tarehe ipo.

Toka ile safari ya Kamituga ninaandika majina. Si ya Kilatini, hayo yapo vitabuni. Ninaandika Mashi, Kilega na Swahili ya kwetu, na pembeni ninaweka jina la aliyeniambia, kijiji chake, mwezi, na ndege alikuwa anafanya nini. Daftari ina majina 61 sasa. Kwa 38 nimeshapata ni ndege gani. Kwa kekeo wa maharagi nimeandika mama wawili wa ile camion, na mbele ya kila mmoja neno lake, kwa kuwa mpaka tunafika Mwenga hawakukubaliana.